Kipimo cha Mtu Mwingine

Fundi hakukata nguo ya mtu kwa kipimo cha mtu mwingine. Kila mwanamke aliyewahi kupanda ngazi mbili za baraza lake na kitambaa kwapani alilijua hilo. Ungeweza kumbembeleza, ungeweza kumwapia kwamba wewe na dada yako mmebadilishana sketi tangu utotoni. Angekusikiliza mpaka mwisho, kisha angekurudishia kitambaa chako kikiwa kimekunjwa vizuri.

Asubuhi hiyo aliyekuja kujaribu bahati yake ni jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kijiji kizima kilimwita Redio kwa sababu habari haikupata kulala ndani ya mdomo wake.

“Nipime mimi tu, Fundi. Mimi na wifi yangu ni kitu kimoja.”

“Kiuno chake ni kiuno chako?”

“Sanasana amenizidi kidole.”

“Hicho kidole ndicho kinachopasua nguo mbele za watu. Mwambie aje mwenyewe.”

“Jamani, yuko mbali! Afunge safari kwa ajili ya gauni?”

“Basi kitambaa kitamngoja. Hakili, hakinywi.”

Redio alishuka ngazi akinung’unika kwamba kuna mafundi mjini wasio na maringo. Fundi aliingia ndani, akatazama saa ya ukutani, akaona ni saa moja na nusu. Akauvua utepe wa kupimia shingoni, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, miguu sakafuni, mgongo umeegemea. Kisha akajifunga kitambaa cheusi cha presha kwenye mkono wake mwenyewe, akabonyeza kitufe, akapima presha ya mumewe.

Kitambaa kilijaa upepo, kikambana, kikaachia taratibu. Mia na sitini na nane kwa mia na mbili. Namba zikawaka kwenye kioo, simu ikalia mara moja kuonyesha kwamba zimekwenda. Fundi akafungua kitambaa, akakikunja, akarudi kwenye cherehani kushona sare za shule kana kwamba hakuna lililotokea.

Kichwa kilikuwa kinamgonga kisogoni, lakini hilo halikuwa jambo geni. Alilaumu miwani.

*

Sanduku lile dogo jeupe la kupimia presha lilikuwa la mumewe kwa haki zote. Jina lake liliandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na mwenyewe ndiye aliyetia sahihi. Mwaka uliotangulia walimpeleka hospitali akiwa amelazwa juu ya magunia ya viazi nyuma ya lori, safari ya kutwa nzima, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia haumsikii. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi. Ila Fundi hakurudi kuwa yule wa zamani. Tangu siku ile, mumewe akikohoa tu, yeye alimtazama mdomo kwanza.

Kwa hiyo Mhudumu wa afya wa kijiji, binti mwembamba asiyeachana na baiskeli yake, alipoleta sanduku na kueleza kwamba presha ya mzee sasa itapimwa hapa hapa nyumbani na namba zitakwenda zenyewe kwa simu hadi kwa Nesi hospitalini, Fundi nusura amkumbatie. Masharti yalikuwa machache. Apime kila siku kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, kabla hajameza dawa. Akae dakika tano ametulia, asipige soga.

“Na siku tatu mfululizo zikipita bila namba,” Mhudumu alimalizia, “inabidi nilichukue. Samahani, mama, lakini kuna watu kumi na mmoja wanalingoja.”

Wiki tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mzee alikaa kitini, akanuna, akapimwa. Namba zilikuwa za kupendeza, na Nesi, ambaye walimjua kwa sauti tu, alipiga simu kuwasifu. Kisha jua likawaka, visima vya watu vikakauka, na kijiji kizima kikahamia kwenye pampu.

Pampu ilikuwa ya mzee. Si kwamba ilikuwa mali yake. Ilikuwa ya kijiji na ilisimamiwa na kamati ya maji. Lakini yeye ndiye aliyeiendesha kwa miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyejua inapokohoa imekwama wapi, na ndiyo maana aliitwa Bwana Pampu hata na wajukuu zake. Wakati wa ukame aliifungua saa kumi na moja alfajiri, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na huko hakuna mtandao wa simu hata ukipanda juu ya tangi. Jumapili tu ndiyo ilipumzishwa mpaka saa nane mchana ili kisima kijae.

“Na kupima je?” Fundi alimwuliza asubuhi ya kwanza, akimwona anafunga viatu gizani.

“Mwambie Nesi nitapima Jumapili.”

“Nesi amesema kila siku.”

“Nesi hajaona ile foleni. Nikiiacha pampu nusu saa, nitakuta ndoo zimevunjwa na watu wametoana macho. Mwambie Jumapili, Fundi. Ataelewa.”

Akaondoka. Siku ya kwanza ilipita bila namba, ya pili ikapita. Siku ya tatu, saa mbili kasoro dakika kumi, Fundi alimwona Mhudumu anapita barabarani na baiskeli yake, na moyo ukamruka. Akilini aliona sanduku linafungwa nyuma ya ile baiskeli na kwenda nyumba nyingine. Aliona magunia ya viazi. Hakufikiri sana. Mkono ni mkono, alijiambia, akaketi.

Namba zilipotokea zilimtisha kidogo, kisha akajipa jibu: ni uongo. Mtu mzima anakaa kumdanganya Nesi mchana kweupe, moyo utaachaje kwenda mbio? Siku iliyofuata alijitahidi kutulia. Alifumba macho, akahesabu mishono ya kola, akavuta pumzi. Namba zikapanda zaidi. Akajiona kumbe yeye ni mwongo mbaya kuliko alivyodhani.

*

Simu ya Nesi ilikuja baada ya siku kumi.

“Mama, presha ya mzee imekaa juu. Dawa anameza?”

“Anameza mbele yangu.”

“Chumvi?”

“Nimepunguza mpaka analalamika.”

“Nimezungumza na daktari. Tunamwongezea kidonge kimoja. Mhudumu atakuletea kesho. Na Jumapili naona ilikuwa nzuri, sijui kwa nini.”

Ilikuwa rahisi Fundi aseme ukweli pale pale. Maneno yenyewe hayakufika kumi. Lakini alifikiri: huyu mzee ni mgonjwa kweli, kidonge ni cha hospitali, hospitali haitoi sumu. Huenda akipimwa kule kule kwenye foleni, na makelele yale, namba zitakuwa mbaya kuliko zangu. Akasema asante, akakata simu.

Bwana Pampu alikigeuzageuza kidonge kipya kiganjani. “Jumapili si tuliona nzuri?”

“Jumapili ni siku moja, mzee.”

“Haya. Mashine haina sababu ya kusema uongo.” Aliziamini mashine kuliko watu, ndiyo kazi yake. Akakimeza kidonge na kumpa mkewe bilauri tupu, na Fundi akaenda jikoni, akasimama pale muda mrefu bila kujua alichofuata.

Wiki mbili zikapita hivyo. Fundi alizidi kuumwa kichwa. Mara nyingine, akinyanyua macho kutoka kwenye sindano, aliona vidoadoa vyeusi vinaelea ukutani, akafuta miwani kwa pindo la gauni. Gauni lenyewe alilikata kwa kukisia. Miaka thelathini alikuwa amepima vifua, viuno na mabega ya kijiji kizima, lakini nguo zake alikata kwa macho, kwa sababu utepe humzunguka vizuri yule anayepimwa, si yule anayepima, na hakukuwa na wa kumpima.

Mzee naye alianza kuinuka kitini kwa vituo. Alishika meza kwanza, akangoja, ndipo akasimama.

“Vipi?”

“Miguu tu. Umri.”

Kisha Nesi akapiga tena, safari hii sauti yake ina furaha ya mtu aliyefumbua jambo.

“Mama, nimekaa na daktari tumetazama mchoro wa namba za mzee. Jumapili zote, nzuri, na zinazidi kushuka. Jumatatu mpaka Jumamosi, juu, juu, juu. Hiyo Jumapili anafanya nini?”

“Hafanyi kitu. Haendi pampu mpaka mchana.”

“Basi ndiyo hiyo! Ile kazi ndiyo inayompandisha. Daktari amesema apumzike kabisa. Barua kwa kamati ya maji nimemtumia Mhudumu kwa simu, ataifikisha leo.”

“Nesi, ngoja kwanza…”

“Najua, mama. Wazee hawapendi kuacha kazi. Lakini bora aache kazi kuliko atuache sisi.”

Simu ikakatika. Fundi alibaki amekodolea macho sanduku jeupe, na kwa mara ya kwanza alilichukia.

*

Saa tisa alasiri Redio alimleta Bwana Pampu nyumbani, amemshika kwapa. Mzee aliinama kufunga valvu ya pampu, aliponyanyuka akaketi chini pwaa, mbele ya foleni nzima. Hakuumia. Lakini watu sitini walimwona ameketi kwenye tope na kofia imeanguka.

“Si kitu, Fundi, ni jua tu,” alisema Redio, kwa sauti ambayo ilisikika nyumba ya tano.

Mwenyekiti wa kamati ya maji hakukawia. Alifika na barua mkononi na mpwa wake nyuma yake, kijana mwenye bisibisi mfukoni. Aliketi, akakohoa, akamtazama Fundi.

“Amekula?”

“Mwulize, yupo hapo,” Fundi alisema.

Mwenyekiti akamgeukia mzee, akainua sauti na kuvuta maneno kama mtu anayezungumza na kiziwi. “Pole, mzee wangu! Pole sana! Sasa ni wakati wa ku-pum-zi-ka!”

“Nakusikia,” alisema Bwana Pampu.

“Kamati inakushukuru sana. Hospitali wameandika wenyewe, si sisi. Huyu mpwa wangu atashika kwa muda.” Akamrudia Fundi. “Asijisikie vibaya. Na usiku analala?”

Bwana Pampu aliinuka, akashika meza, akangoja, akaenda chumbani. Alirudi na ufunguo wa pampu. Ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha buluu ambacho Fundi alikishona zamani kwa mabaki ya sare ili usipotee mfukoni. Akaanza kufungua fundo. Fundo likakataa, mpwa akanyoosha mkono amsaidie.

“Niache,” mzee alisema.

Wakangoja wote. Lilipofunguka, akamkabidhi mpwa ufunguo mtupu. “Ikikohoa mara mbili, usiipige. Ifunge, hesabu mpaka ishirini, ifungue tena,” alimwambia. “Wengi wanaipiga.”

Kipande cha buluu alibaki nacho.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na maneno yamejaa mdomoni. Alikuwa mwanamke wa kuwaambia watu ukweli wao, kiuno chako kimeongezeka, kitambaa chako ni cha bei rahisi, na wala hakuwahi kumung’unya. Sasa alimwona mwenyekiti anaaga, anashuka ngazi zake mbili, na hakutoa hata neno moja. Alijionea aibu kiasi kwamba usiku ule hakuweza kumtazama mumewe usoni.

*

Asubuhi Bwana Pampu hakuwa na pa kwenda. Aliamka saa kumi alfajiri kwa mazoea, akaoga, akavaa shati la kutokea, na saa moja ilipogonga alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha dirishani, mkono ameukunjua mezani.

“Haya, Fundi. Sasa Nesi atanipata kila siku mpaka anichoke.”

Akamfunga kitambaa. Dakika tano za ukimya zilikuwa ndefu. Namba zikatoka: tisini na mbili kwa hamsini na nne. Simu ikalia kuonyesha zimekwenda, na kabla Fundi hajakunja kitambaa ikalia tena. Ni Nesi. Akaiweka mezani kwa sauti ya juu wasikie wote.

“Mzee, shikamoo. Leo umepima mwenyewe?”

“Marahaba, mwanangu. Nimepima, nimetulia tuli.”

“Unajisikiaje?”

“Nikiketi ni mzima. Nikisimama, nyumba inazunguka kidogo.”

Walisikia karatasi zinafunuliwa upande wa pili. Nesi aliporudi, ile furaha ya jana haikuwamo tena katika sauti yake. “Jana asubuhi mia na sabini na nne, leo tisini na mbili. Presha haiporomoki hivi kwa usiku mmoja, hata mtu angeacha kazi kumi. Mama, jana alipima ameketi?”

Fundi alimtazama mumewe. Alikuwa anakizungusha kipande cha buluu kwenye kidole cha shahada, anakifungua, anakizungusha tena.

“Jana hakupima,” alisema.

“Lakini namba ya jana ninayo hapa.”

“Ni yangu.”

“Ya juzi?”

“Yangu. Zote ni zangu, Nesi. Zake ni za Jumapili tu.”

Kidole cha mzee kilisimama. Fundi hakungoja karipio. Alianza kuchomoa waya na kuviringisha kitambaa, akizungumza haraka haraka. “Nilikwishajua ni makosa. Lichukueni, mpeni mwingine kwenye orodha, mimi mwenyewe nitalipeleka kwa Mhudumu. Ila huyu msimkatie dawa zake, hakujua kitu, mimi ndiye niliyeogopa mtalichukua, mimi…”

“Mama. Mama, usilifunge. Livae.”

“Nani?”

“Wewe. Mkono ule ule wa kila siku. Kaa, nyamaza, miguu chini. Nangoja.”

Mzee aliinuka akampisha kiti. Fundi akaketi, na akashangaa kiti kilivyokuwa na joto. Kitambaa kikajaa, kikambana mpaka akasikia mapigo yake kidoleni. Mia na themanini na mbili kwa mia na kumi na mbili.

“Nilidhani ni uongo ndio unaopandisha,” alisema kwa sauti ndogo.

“Uongo unapandisha kidogo, mama, tena kwa dakika chache. Hizi ni wiki tatu na zaidi. Kichwa kinauma?”

“Kisogoni. Nilijua ni miwani.”

“Unaona vitu vinaelea?”

Fundi akaitazama simu kana kwamba imemwona akifuta miwani. “Vidoadoa. Wewe umejuaje?”

“Uso una ganzi? Kifua kinabana? Mikono inainuka yote miwili?”

“Hapana. Hapana. Inainuka.”

“Basi nisikilize vizuri.” Sauti ya Nesi ilikuwa ya taratibu, lakini iliyumba kidogo mahali. “Muda wote huu nimekuwa nikimwongezea dawa mtu aliyekuwa salama, na mgonjwa mwenyewe nimemwacha hana hata kadi. Mzee, kile kidonge kipya usikiguse tena, baki na cha zamani. Mama, Mhudumu anakuja sasa hivi, na gari la chanjo likipita kwenu mchana utapanda, daktari akuone ukifika tu, hata kama ni usiku. Cherehani usiiguse.”

“Nina sare arobaini…”

“Mama.”

“Haya.”

Simu ikakatika. Nje mtu alipita na ndoo tupu zinagongana. Bwana Pampu alikuwa amesimama, ameshika meza.

“Nilikuwa nakunywa dawa yako,” alisema hatimaye.

“Ndiyo.”

“Na wewe hukunywa ya mtu yeyote.”

Hapo ndipo Fundi alipolia. Alilia bila sauti, miwani usoni, machozi yakishuka chini ya vioo. Mzee alikasirika, akapoa, akakasirika tena. Yote yalionekana usoni mwake.

“Ungeniambia, ningekaa! Ningepima!”

“Nilikuambia. Ulisema Jumapili.”

Mzee alikwenda akachota maji jikoni, akamletea bilauri, akasimama karibu naye mpaka akamaliza kunywa.

*

Fundi alilala hospitali siku mbili. Walimpa dawa, wakampa kadi yenye jina lake, na Nesi akaja kitandani kujitambulisha. Kumbe alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Hakumkaripia. Alisema karipio atapewa na daktari, na daktari alimpa.

Gari lilipomrudisha, Fundi hakushukia nyumbani. Alimwomba dereva amshushe kwenye pampu. Ilikuwa jioni, foleni bado ndefu, mpwa wa mwenyekiti anaipiga pampu kwa bisibisi, mwenyekiti mwenyewe amesimama kivulini anawatuliza watu. Fundi alikuwa na mfuko wa nguo mkono mmoja na bahasha ya Nesi mkono mwingine. Angeweza kumwita mwenyekiti pembeni. Barua ilijitosheleza. Lakini mumewe alianguka mbele ya watu, na yeye aliona si haki kumwinua kichochoroni.

“Mwenyekiti,” alisema, na foleni ikageuka. “Barua ya kwanza ilikuwa ya uongo, na uongo ulikuwa wangu. Zile namba za presha hazikuwa za mume wangu. Nilijifunga mimi kile kitambaa, nikapeleka namba zangu kwa jina lake. Wakampa dawa zisizo zake, ndizo zilizomwangusha hapa. Mgonjwa ni mimi. Yeye ni mzima wa kushika ufunguo, hii hapa barua ya pili.”

Maji ya tangi yalikuwa yanamwagika kwenye ndoo iliyojaa na mwenye ndoo hana habari. Kisha sauti moja ikatoka katikati ya foleni, na kila mtu aliijua.

“Ala! Kumbe Fundi naye hukata kwa kipimo cha mtu mwingine!”

Foleni ikaangua kicheko. Fundi alisikia uso unamwaka moto mpaka masikioni. Miaka thelathini ya maringo yake yote iliondoka na kicheko kile, mbele ya kila mwanamke aliyewahi kurudishiwa kitambaa. Akawaacha wacheke mpaka wakatosheka.

“Nilikata, Redio,” alisema. “Na nguo ikapasuka.”

Redio aliacha kucheka. Alitoka kwenye foleni, akauchukua mfuko wa nguo mkononi mwa Fundi. “Twende nyumbani, dada. Umesimama juani na wewe mgonjwa. Mwenyekiti, hiyo barua isomwe kwa sauti, tusikie wote.”

Mwenyekiti alisema kamati itakaa kikao. Ilikaa vikao vitatu. Mpwa hakutaka kuachia, na pampu ilikuwa imeshaanza kukohoa mara nne. Mwishowe wakagawana: mpwa angefungua alfajiri, Bwana Pampu angeshika kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Ulikuwa ufunguo nusu, na mshahara nusu, na mzee aliusononekea kwa siku kadhaa. Lakini uliporudi aliufunga tena kwenye kipande cha buluu, mafundo mawili.

*

Sanduku halikuondoka. Mhudumu aliongeza jina la pili ubavuni, chini ya lile la kwanza, na kwa sababu kalamu ilikuwa inaelekea kuisha, jina la Fundi lilitoka hafifu. Akawafundisha: sasa mtambo utauliza ni mgonjwa yupi, moja kwa mzee, mbili kwa mama.

Asubuhi ya kwanza, saa moja, Fundi alikuwa anaelekea kumfunga mumewe kitambaa kama zamani. Mzee akamzuia.

“Anza wewe.”

“Mimi nitajifunga mwenyewe, nimezoea.”

“Najua umezoea.”

Akamwondolea utepe shingoni, akautundika kwenye msumari. Akamkalisha. Mikono yake ilikuwa ya spana, haikujua kitambaa. Alikifunga kimelegea, akakifungua, akakibana kupita kiasi.

“Vidole viwili juu ya kiwiko,” Fundi alisema. “Na uache nafasi ya…”

“Usipige soga.”

Mzee alivuta kigoda, akaketi mbele yake, na dakika tano zote hakumwondolea macho. Alimtazama mdomo, jicho la kushoto, jicho la kulia, kama yeye alivyokuwa akitazamwa mwaka mzima bila kujua. Fundi alijisikia vibaya mwanzoni, kisha akajisikia vizuri, vizuri kiasi cha kuogopa kwamba itaharibu namba.

Kitambaa kikajaa, kikaachia. Mia na hamsini na mbili kwa tisini na sita. Haikuwa nzuri bado. Ilikuwa yake.

Kioo kikauliza: mgonjwa yupi? Bwana Pampu aliinama, akasoma swali mara mbili, akamtazama mkewe, ndipo akabonyeza mbili.